Kabla ya Kulipia Kozi ya Uhudumu wa Ambulansi

Vijana wengi huniuliza kazi ya ambulansi husomewa vipi na mtihani wake ukoje. Nitaeleza kwa niliyoyapitia.

Kwanza tutofautishe. Cheti cha huduma ya kwanza hupatikana kwa siku chache, nacho hakikufanyi mhudumu wa dharura. Uhudumu ni mafunzo ya miezi: masomo ya darasani, mazoezi ya mikono, kisha zamu hospitalini na ndani ya ambulansi.

Mtihani una sehemu mbili. Wa kuandika hupima maarifa, lakini wa vitendo ndio uliotutoa jasho. Unapewa mgonjwa wa kuigiza, mtahini yuko kando, kimya. Kabla hujamgusa, hakikisha mahali ni salama na uvae glavu. Kisha angalia kwa mpangilio: damu inayomwagika, njia ya hewa, pumzi, mapigo ya moyo. Moyo wa mtu mzima ukisimama, kandamiza kifua mara 30, kina cha sentimita 5 hadi 6, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, halafu pumzi 2. Kukariri hakutoshi, mikono lazima izoee.

Basi kabla ya kulipa karo, uliza chuo: zamu za hospitali zipo? Cheti chake chatambuliwa na nani?

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 yasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kwa mgonjwa anayesubiri feri Likoni usiku, haki hiyo i mikononi mwa aliye naye garini.