Vitufe vya mitishamba vya kuogea: tengeneza nyumbani, lakini soma pakiti kwanza

Ukirudi shambani jioni miguu imechoka, beseni la maji ya vuguvugu ni faraja. Watu wa Kanyenye na Tabora kwa jumla wanaijua safari ya miguu tangu zamani. Katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mizigo kati ya Tabora na Bagamoyo, njia ya zaidi ya kilomita 700.

Leo tunaeleza namna ya kutengeneza vitufe vya mitishamba ambavyo ukivitia majini hutoa mapovu na harufu nzuri. Huhitaji bafu la kujilaza. Beseni la miguu au ndoo ya kuogea inatosha.

Kwa nini kitufe hutoa mapovu?

Ndani yake kuna unga wa aina mbili. Wa kwanza ni bikaboneti ya soda, ambayo madukani wengi huiita baking soda. Wa pili ni ndimu ya unga. Zikiwa kavu hukaa pamoja kwa amani. Zikipata maji hukutana na kutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, ileile iliyomo katika soda ya chupa. Mapovu hayo hutawanya harufu ya majani. Hayatibu ugonjwa wowote.

Hatari iko kwenye jina

Neno "soda" au "magadi" hutumika kwa vitu vingi vyeupe. Kuna bikaboneti ya kupikia, kuna magadi ya kulainishia maharage, na kuna kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Kostiki soda huunguza ngozi na inaweza kupofusha macho. Kwa hiyo usinunue unga mweupe uliopimwa kwenye mfuko usio na maandishi. Nunua pakiti iliyofungwa, inayosema ni bikaboneti ya soda na ni ya chakula.

Kostiki soda ikimwagikia mtu, mvueni nguo iliyolowa, msafisheni kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha mpelekeni kituo cha afya. Msipake ndimu wala siki.

Mahitaji

- Bikaboneti ya soda, kikombe 1
- Ndimu ya unga, nusu kikombe
- Unga laini wa muhogo, nusu kikombe
- Majani makavu yaliyosagwa, vijiko vikubwa 2: mchaichai, mrehani au maganda ya machungwa
- Mafuta ya alizeti au ya nazi, kijiko kikubwa 1

Namna ya kutengeneza

1. Anika majani kivulini hadi yavunjike mkononi. Yasage, kisha yachekeche. Majani mabichi yana maji na yataharibu kazi.
2. Changanya vitu vyote vikavu katika bakuli kavu. Ndimu ya unga huwasha, basi funika pua kwa kitambaa na usijishike macho.
3. Tia mafuta kidogo kidogo huku ukifikicha kwa vidole.
4. Nyunyiza maji matone machache tu. Ukiona mchanganyiko unaumuka bakulini, maji yamezidi.
5. Finyanga kiganjani. Ukishikamana kama mchanga mbichi, umekuwa tayari. Shindilia kwenye vikombe vidogo.
6. Acha vikauke siku nzima, kisha vihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na watoto.

Kazi hii huenda vizuri zaidi wakati wa kiangazi. Masika, unyevu wa hewa peke yake unaweza kuvifanya vitufe viumuke kabla ya kutumika.

Nani asitumie?

Mwenye kisukari asiloweke miguu. Anaweza asihisi maji ya moto, na kidonda kidogo kwake huwa kikubwa. Mwenye kidonda kibichi, na mtoto mchanga, pia waachwe. Wengine wajaribu kwanza: yeyusha kipande kidogo majini, paka ndani ya mkono, subiri hadi kesho. Ukiona vipele au mwasho, usitumie.

Ukitaka kuuza

Kumpa jirani kitufe kimoja ni tofauti na kukiuza sokoni. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kabla ya kuanza biashara waulize taratibu zao, na ulizia ushauri SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo. Kwenye kila kopo andika vilivyomo na tarehe ya kutengeneza. Wala usimwambie mteja kwamba kitufe chako kinaponya fangasi au baridi yabisi. Mtu akiamini hivyo atachelewa kwenda hospitali, na miguu uliyotaka kuipumzisha itazidi kuumia.