Piga picha na mgongo wa gitaa

Gitaa la kwanza kutoka kwenye mfuko wake lilikuwa jekundu. Nililaza gitaa juu ya shuka jeusi, nikawasha flashi, nikapiga. Picha ikatoka na sura yangu katikati ya kiwiliwili, maana vanishi ya gitaa ni kioo. Nikazima taa zote, nikashusha pazia jepesi dirishani, nikalisogeza gitaa hadi mwanga ukaliangukia ubavuni. Hapo mistari ya mti ikajitokeza.

Mwenyewe ni mzee aliyepigia bendi za dansi ujana wake wote. Anayo manne, na alitaka kila moja liwe na picha yake.

"Piga na mgongo, mwanangu," akaniambia. "Usoni kuna rangi."

Ni kweli. Rangi nzito huficha vipande vya mbao vilivyounganishwa kwa gundi. Mgongoni na kwenye matundu ya sumaku zinazonasa sauti ndiko mti hujulikana.

Magitaa ya umeme ya kampuni ya Fender ya mwanzoni mwa miaka ya 1950 yalitengenezwa zaidi kwa eshi, mti wa Marekani wenye mistari mipana inayopendeza pichani. Kuanzia 1956 magitaa mengi ya aina yake ya Stratocaster yakahamia kwenye alda, ambayo mistari yake imefifia. Mwaka 2020 Fender ilitangaza kupunguza sana matumizi ya eshi, kwa sababu mafuriko na mdudu anayeiua miti hiyo viliifanya mbao yake iwe adimu. Kampuni ya Gibson ilipotoa gitaa la Les Paul mwaka 1952 ilitumia mahogani, na usoni ikabandika mepo. Mwaka 1958 ikaleta Flying V na Explorer za korina, na korina hiyo ni jina la kibiashara la limba, mti wa misitu ya Kongo na Afrika Magharibi, ndugu wa mkungu huu unaotupa kivuli pwani.

Je, mti hubadili sauti? Ubishi huu hauishi, nami nina msimamo wangu. Sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba hunasa mtikisiko wa uzi wa chuma, na huo ndio unaokwenda kwenye spika. Kampuni ya Danelectro ilitumia hadibodi miaka ya 1950, na magitaa yake bado yanatafutwa. Tofauti ya mbao ipo, lakini ni ndogo kuliko tofauti ya bei. Inayohisiwa kweli ni ya uzito. Mpingo wetu, ambao huzama majini, unafaa kwa klarineti na kwa ubao wa vidole shingoni mwa gitaa. Kiwiliwili kizima cha mpingo kingemchosha bega mpigaji kabla ya wimbo wa tatu.

Gitaa la nne la mzee ni la plaiwudi. Tabaka zake zinaonekana wazi pale mkono wa kulia ulipolalia miaka na miaka hadi rangi ikalika. Nilisogeza kamera karibu kabisa na sehemu hiyo.

"Hili ndilo lililosomesha watoto," akasema.

Nawe mwenye gitaa, lipige picha wiki hii: mbele, mgongoni, kichwani, na namba yake ya utambulisho isomeke. Nakala moja iweke mahali pengine, si kwenye simu yako. Likiibwa, utakuwa na cha kuwaonyesha polisi.