Faini ya CAF: Togo, Morocco walivyopindua meza

OYEM, Gabon, Januari 20, 2017. Togo wanatangulia mapema kwa bao la Mathieu Dossevi, Morocco wanajibu mara tatu kupitia Aziz Bouhaddouz, Romain Saiss na Youssef En-Nesyri. Mpira unaisha 3-1. Kwa aliyekuwa anatazama kwenye runinga, hiyo ilikuwa mechi ya Kundi C ya Afcon tu.

Lakini kwenye mafaili ya CAF, timu hizo mbili ni ndugu wa msala mmoja. Kila moja iliwahi kupigwa faini na kufungiwa Afcon mbili mfululizo. Na Morocco, kama adhabu yake ingebaki ilivyoandikwa, siku hiyo ingekuwa nyumbani inatazama wenzake.

Togo ndiyo iliyoanza kuonja, na yake inauma hata kuisimulia. Januari 8, 2010, siku mbili kabla ya Afcon ya Angola, basi la timu lilimiminiwa risasi Cabinda. Kocha msaidizi na ofisa habari wa timu walipoteza maisha. Kipa Kodjovi Obilale alijeruhiwa vibaya na soka lake likaishia palepale. Serikali ya Togo ikaamuru timu irudi nyumbani kuomboleza.

CAF, chini ya Issa Hayatou, haikuangalia majeneza, iliangalia nani katoa amri. Serikali ikiiondoa timu mashindanoni, kwao hiyo ni siasa kuingilia soka. Januari 30, siku moja kabla ya mechi ya fainali, hukumu ikatoka: kufungiwa Afcon mbili na faini ya Dola 50,000. Yaani watu wametoka kuzika, wanaletewa bili.

Togo wakaenda CAS, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo. Sepp Blatter, rais wa FIFA wakati huo, akaingia kati kupatanisha. Mei mwaka huohuo kifungo kikaondolewa, na walioondoa ni CAF wenyewe, walewale waliokitoa. Hilo ni jambo la nadra, maana bosi wa soka kumeza hukumu yake mwenyewe si kazi nyepesi. Afcon ya 2013 kule Afrika Kusini, moja ya zile ambazo Togo wangezikosa, Emmanuel Adebayor na wenzake walifika robo fainali na kutolewa na Burkina Faso 1-0 dakika za nyongeza.

Ya Morocco ilikuwa ya pesa ndefu zaidi. Walipewa uenyeji wa Afcon 2015, ugonjwa wa Ebola ukalipuka Afrika Magharibi, wakaomba mashindano yasogezwe mbele. CAF wakagoma. Novemba 2014 wakawanyang'anya uenyeji na kuupeleka Guinea ya Ikweta. Februari 6, 2015, adhabu ikashuka: nje ya Afcon ya 2017 na 2019, faini ya Dola milioni 1, na juu yake fidia ya euro milioni 8.05 kwa hasara.

Kesi ikatua CAS. Aprili 2, 2015, hata miezi miwili haijaisha, majibu yakatoka. Kifungo kikafutwa. Faini ikabaki, ila ikakatwa kutoka Dola milioni 1 hadi Dola 50,000, kiasi kilekile walichotwangwa Togo.

Shabiki wa kawaida hapo anaweza kupitwa. CAS haikusema Morocco hawana kosa. Wangekuwa hawana kosa, hata senti moja wasingelipa. Kilichoanguka ni ukubwa wa adhabu. Viongozi wengi wa klabu zetu wakipigwa faini hukimbilia kwenye vipaza sauti kulia kwamba wameonewa, wakati swali lenye tija mara nyingi ni jingine: adhabu hii inalingana na kosa?

Morocco waliitumia nafasi hiyo vizuri. Siku nne baada ya kuwachapa Togo, bao la Rachid Alioui liliwatoa Ivory Coast, mabingwa watetezi. Kocha wa Morocco alikuwa Herve Renard, aliyewapa hao Ivory Coast ubingwa wa 2015 katika mashindano yaleyale ambayo Morocco walinyang'anywa. Soka bwana!

Kwa hapa nyumbani, watu huchanganya marejeo na rufaa. Rufaa inapanda ngazi, inakwenda kwa watu wengine. Marejeo yanarudi kwa walewale waliokuhukumu, kwa hiyo bila hoja mpya au kosa la wazi kwenye hukumu, unawaomba tu wajikane.

Feisal Salum 'Fei Toto' analijua hilo, japo yeye hakuwa na kesi ya faini. Januari 2023 Kamati ya Sheria na Hadhi za Wachezaji ya TFF iliamua bado ni mchezaji wa Yanga. Akaomba marejeo kwa kamati hiyohiyo. Machi wakamjibu uamuzi uko palepale. Kilichomtoa hakikuwa kamati. Juni, Yanga na Azam walikaa mezani, wakakubaliana bei, naye akahamia Chamazi.