Je, Wajua: Kanuni ya Chang'aa na ya Konyaki Ni Moja

Kuanzia vitongoji vya Kisumu hata mashamba ya miwa ya Miwani, palipojengwa mwaka 1922 kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya, kuna mitambo ya kukeneka kileo isiyo na jina wala cheti, nayo imeundwa kwa elimu ile ile iliyozitajirisha nyumba za konyaki za Ufaransa, kama Martell ya mwaka 1715 na Hennessy ya mwaka 1765.

Mpishi wa chang'aa, ambaye aghalabu ni mama anayesomesha watoto kwa kazi hiyo, huchachua molasi au sukari nguru siku kadhaa hata ikawa kangara. Akaitia ndani ya pipa juu ya moto, akatundika chungu kitupu humo humo juu ya kangara, akaufunika mdomo wa pipa kwa karai la maji baridi, na kingo akazikandika tope ili mvuke usipate upenyo. Kwa kuwa kileo huchemka kwenye nyuzi 78 hivi na maji kwenye 100, mvuke unaotangulia hubeba kileo kwa wingi. Ukigusa kitako baridi cha karai hugeuka matone, nayo hudondokea chunguni. Maji ya karai yakipata moto hayana budi kubadilishwa, ndiyo sababu wapishi hupendelea ukingo wa mto au ziwa. Hiyo ni handasa kamili, iliyohifadhiwa kwa macho na mikono pasipo kipimajoto, na yastahili heshima.

Huko Charente, eneo la konyaki nchini Ufaransa, mvinyo mweupe hukenekwa mara mbili katika mtambo wa shaba, mkondo wa mwanzo na wa mwisho ukatengwa, kisha kileo hulazwa katika mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 2. Mpishi wetu hakuruzukiwa muda huo: tangu chang'aa ilipoharamishwa mwaka 1980, kuiweka akiba kulikuwa kuweka ushahidi. Katika giza hilo mafisadi walipata mwanya wa kuuza methanoli, sumu iliyoua watu zaidi ya 100 Nairobi mwaka 2000. Sheria ya mwaka 2010 iliihalalisha chang'aa, kwa sharti la viwango na chupa za kioo.

Ng'ambo ya ziwa, Uganda ilitangulia: kwa sheria ya mwaka 1965, wapishi wa enguli (chang'aa ya huko) wenye leseni walikiuzia kiwanda kileo chao, kikakenekwa upya kikawa Uganda Waragi. Wakulima wengi wa Charente nao huziuzia nyumba kubwa kileo walichokikeneka wenyewe.