Kimea cha mtama: hesabu ya kufanya kabla ya kufika mpakani

Kilo 100 za mtama hazitoi kilo 100 za kimea. Hesabu hii humponyoka kwa urahisi mgeni wa biashara ya kimea katika mpaka wa Uganda na Rwanda, ambako mtama hupikwa omuramba upande wa Kigezi na ikigage upande wa pili. Pombe yenyewe huchacha ndani ya siku chache, lakini kimea kikavu hukaa miezi na hubebeka.

Nafaka inapoota hutumia sehemu ya wanga wake, kisha mizizi huondolewa. Upungufu huwa kati ya asilimia 10 na 20. Aliyepoteza 20 hana budi kuuza kilo ya kimea kwa bei inayozidi ya mtama kwa robo nzima, ndipo arudishe fedha ya nafaka tu. Maji, magunia na karibu wiki nzima ya kazi bado havijahesabiwa.

Taabu hiyo ina sababu. Chachu haiwezi kula wanga wa mtama mkavu. Mbegu inayoota hutoa vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo huwa kileo.

Kabla ya kununua gunia, punje 100 ziwekwe katika kitambaa kibichi kwa siku tatu. Zikiota chini ya 90, mtama huo ni wa unga. Punje zisizoota hushika ukungu na kuziambukiza nyingine. Mbegu za kupanda zilizotiwa dawa zisitumike kabisa, hata zikiuzwa bei ya kutupa.

Mtama huoshwa na kulowekwa hadi saa 24. Katika nyanda za juu za Kigezi, Rwanda na Burundi, mtama mwekundu huchanganywa na maji ya majivu ya kuni. Wako wanaoidharau desturi hiyo, na wanakosea. Mtama huo una tanini nyingi, ambazo huwafukuza ndege shambani lakini pia huzuia vimeng'enya kufanya kazi. Majivu huzipunguza nguvu. Viwanda vya Afrika Kusini vilitumia fomaldehaidi kwa kazi hiyo hiyo. Majivu ni salama zaidi, na yako jikoni.

Kisha mtama hutandazwa, hufunikwa, hunyunyiziwa maji na kugeuzwa kwa siku tatu au nne.

Fedha hupotea zaidi kwenye kukausha. Mvua ikikatiza jua siku mbili, ukungu huingia, na pamoja nao huenda sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, kisha ikayaruhusu kwa sharti la cheti cha kiwango kisichozidi sehemu 10 kwa bilioni. Kimea kifungwe kikiwa na unyevu chini ya asilimia 13. Mizizi na machipukizi yasuguliwe na kutupwa, wala mifugo isilishwe, kwa kuwa machipukizi ya mtama hutoa sianidi.

Mpakani, bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili. Hata hivyo forodha huuweka mtama katika fungu 1007 na kimea katika 1107. Aliyejaza "mtama" huku magunia yake yamejaa kimea ameandikisha bidhaa nyingine.