Je, Kiza cha Hadithi ni Kiza cha Mwandishi?

Mara nyingi twawasikia watu, wamalizapo kusoma kitabu chenye mauaji, ulevi au msiba mkubwa, wakisema: "Aliyeandika haya, ama ameyatenda, ama yamemfika." Neno hili husemwa kwa wepesi, lakini uzito wake si haba, kwani lamhukumu mtu asiyekuwapo kujitetea. Yafaa basi tulipime kabla ya kulisadiki.

Tumtazame kwanza marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Kitabu chake, Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, chaanza na mtu aliyeuawa, na Bwana Msa na kiko chake akamtafuta mwuaji. Je, mwandishi alikuwa mtu wa damu? Hasha! Alikuwa mkaguzi wa afya, kisha akahariri Mkulima, gazeti la wakulima. Alipendezwa na hadithi za Sherlock Holmes, akazivika kanzu ya Unguja. Kifo katika kitabu cha namna hii ni fumbo la kuchezesha akili, wala si siri ya moyo.

Bibi Agatha Christie wa Uingereza naye aliwaua kwa sumu watu wengi vitabuni mwake. Ujuzi huo aliupata katika chumba cha dawa cha hospitali alimofanya kazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Alizijua sumu kwa sababu alizipima ili wagonjwa wapone.

Lakini wako wengine ambao maisha yao yameingia vitabuni kweli. Dostoevsky wa Urusi alihukumiwa kifo, na mwezi wa Desemba 1849 akasimamishwa mbele ya askari wenye bunduki. Dakika ya mwisho akasamehewa, akapelekwa Siberia kwa kazi ngumu miaka minne. Huko aliishi na wauaji, akawasikiliza. Mwaka 1866 akaandika habari za kijana aliyemwua bibi mkopeshaji kwa shoka. Yeye mwenyewe hakuua mtu. Ila hofu ya kifo na majuto ya wafungwa aliyajua barabara.

Na hapa kwetu yuko marehemu Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Rosa Mistika, kilichotoka mwaka 1971, chasimulia binti aliyelelewa kwa ukali na baba mlevi, akapotea, na mwisho akajiua. Kitabu hicho kilikatazwa mashuleni kwa muda. Katika Kichwamaji, cha mwaka 1974, Kazimoto, kijana msomi wa Ukerewe kama mwandishi mwenyewe, naye ajiua. Aliyedhani kwamba Kazimoto ndiye Kezilahabi alikosea. Mwandishi aliishi, akafundisha vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Botswana, akafariki Januari 2020 akiwa na umri wa miaka 75. Visiwa na vijiji alivitoa katika maisha yake. Mwisho ule aliutunga ili tuzinduke.

Basi twaona kwamba maisha humpa mwandishi udongo, lakini chungu hukifinyanga mwenyewe. Atazamaye chungu hawezi kujua nyumba ya mfinyanzi ina amani au haina. Nasi tumekatazwa kudhaniana vibaya na kupelelezana aibu. Mtunzi wa hadithi hakutolewa katika haki hiyo.

Jambo hili lagusa nyumba zetu pia. Mzazi akiona katika daftari la mwanawe hadithi ya kifo au ya kukata tamaa, asimkemee wala asilichane daftari, kwani mtoto aliyekemewa hataandika tena, na pengine hatasema tena. Wala asipuuze, maana huenda ikawa ni fumbo tu, na huenda ikawa ni kilio. Akae naye faraghani, amwulize kwa upole: "Mwanangu, hadithi hii umeitoa wapi?" Kisha anyamaze, asikilize jibu mpaka mwisho.

Nanyi vijana mwandikao, msiogope kuutaja uovu, ila msiupambe. Mwonyesheni msomaji shimo, na ukingo wake pia, apate kujua pa kukanyaga.