Dumu na kiti: Tofauti inayokula mtaji wa chakavu

WAFANYABIASHARA wa plastiki katika wilaya za Temeke na Kinondoni, jijini Dar es Salaam, huuza kila siku bidhaa zinazofanana machoni lakini zenye tabia tofauti kabisa kwenye moto. Anayezichanganya kwenye mashine ya kusaga chakavu hujikuta na mzigo usio na mnunuzi.

Dumu kwa kawaida ni poliethilini ngumu. Kiti cha plastiki, na uzi wa viroba vinavyojazwa nafaka katika soko la Tandale, ni polipropilini. Zote mbili zimetokana na ugunduzi mmoja wa vichocheo vya metali.

Mwaka 1953 mkemia wa Ujerumani, Karl Ziegler, aligundua kuwa chumvi ya titani pamoja na kampaundi ya aluminiamu huunganisha gesi ya ethilini kuwa plastiki ngumu bila shinikizo kubwa. Mwaka uliofuata Giulio Natta wa Italia alitumia kichocheo cha aina hiyo kwa gesi ya propilini. Kampuni ya Montecatini ilianza uzalishaji wa kibiashara mjini Ferrara mwaka 1957, na mwaka 1963 wanasayansi hao wawili walitunukiwa kwa pamoja Tuzo ya Nobel ya kemia.

Siri iko kwenye mpangilio. Kila kipande cha propilini kina tawi dogo. Matawi yakikaa ovyo, hupatikana kitu laini kinachonata, kisichofaa kwa kiti wala kiroba. Kichocheo huyapanga yote upande mmoja, milolongo ikabanana, na plastiki ikawa imara. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 160 hivi, wakati ile ya dumu huyeyuka kwenye 130 hivi. Zikichanganywa hazishikani vizuri, na ndoo inayotoka hupasuka mapema.

Tanzania haina kiwanda kinachozalisha chembechembe za polipropilini. Viwanda vya ndani huziagiza. Wazalishaji wakubwa walio karibu wako Ghuba: Saudi Arabia, Ruwais katika Falme za Kiarabu na Sohar nchini Oman. Kwa hiyo bei ya ndoo Tandika hufuata dola na mafuta ghafi. Shilingi ikiteleza, chakavu safi hupata thamani, mradi kimechambuliwa.

Soko la mifuko nalo lina mtego wake. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara. Mifuko mbadala iliyoshika nafasi yake, inayofanana na kitambaa, kwa kawaida ni polipropilini vilevile, na kiwango kilichowekwa ni gramu 70 kwa mita ya mraba. Mfuko mwepesi kuliko huo huonekana nafuu kwa jumla, lakini ukikamatwa hasara ni ya mwenye duka.

Kwa mwekezaji mdogo wa chakavu, kinga ya kwanza haina gharama: ageuze bidhaa na kusoma namba ndani ya pembetatu. Dumu huwa na 2, kiti 5. Kuzitenganisha kwa pipa la maji hakusaidii, kwani zote mbili huelea. Vipande vya chupa za maji, namba 1, ndivyo huzama. Isiyo na namba ipimwe bei ya mchanganyiko, si bei ya kiti.